Mimea iliyooza chini ya nailoni: uchambuzi wa kisa cha sakulenti za bustanini

Kisa chenyewe

Mwenye bustani mmoja alizidisha kwa mkono wake sakulenti zake, yaani mimea minene inayohifadhi maji kwenye majani au shina, akazipanda, akazifunika vizuri kabla ya baridi, na kufikia Machi zaidi ya nusu zilikuwa zimekufa. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za jamii zinazostahimili baridi kali kuliko ile iliyozipata. Mwaka uliofuata baridi ilizidi kidogo, lakini safari hii alivusha sehemu kubwa ya mimea yake.

Mahali na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa. Hesabu ya mimea imeachwa kama alivyoiandika kwenye daftari lake. Miezi inayotajwa ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Aliye kusini aongeze miezi sita.

Bustani na mimea iliyokuwamo

Kiwanja ni tambarare, udongo ni mfinyanzi unaoshika jembe, na jua la kiangazi hufika kwa saa sita au zaidi kwa siku. Ardhi huanza kuganda katikati ya Novemba. Kuanzia Januari hadi Machi huganda na kuyeyuka mara nyingi, na theluji huja ikaondoka bila kukaa. Hilo la theluji lina uzito wake, kwa kuwa theluji inayokaa huifunika mimea kama blanketi na kuuzuia udongo usipoe sana. Bustani hii haikupata blanketi hilo. Ilipata mvua ya baridi juu ya udongo ulioganda, maji yakakosa pa kwenda.

Mimea ilikuwa ya makundi sita, na kila kundi lina tabia yake:

- *Sempervivum tectorum* na machotara wake, mashada ya mviringo yanayozaa vitoto kwenye vikonyo virefu. Asili yake ni milima ya Ulaya ya kusini, na nyuzi 20 chini ya sifuri haziitishi.
- *Jovibarba heuffelii*, ndugu yake wa karibu kutoka Balkani. Huyu hatoi vikonyo. Shingo yake, yaani pale majani yanapokutana na mzizi, hugawanyika palepale, na kumzidisha ni lazima kisu.
- *Sedum album* na *Sedum spurium*, zinazotambaa.
- *Delosperma cooperi*, ya Afrika Kusini, yenye maua ya zambarau. Kwao baridi huja na ukavu, mvua hunyesha kiangazi. Huvumilia jalidi vizuri, mradi tu iwe kavu.
- *Opuntia humifusa*, mpungate mfupi unaolala chini, wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini.
- *Echeveria* 8, zilizoingia kwa bahati mbaya. Alizipewa pamoja na mashada mengine, na yeye akazichukulia zote kuwa *Sempervivum*.

Kosa hilo la mwisho hufanywa na wengi, maana mashada hayo mawili hufanana kweli. Shika jani ulisogeze karibu na jicho: *Sempervivum* kwa kawaida lina vinywele vifupi kwenye ukingo, kama kope. *Echeveria* nyingi zina ukingo laini, na mara nyingi jani limepakwa unga wa nta unaofutika kwa kidole. Zikichanua hakuna ubishi tena: *Sempervivum* hurefuka katikati na shada lile hufa baada ya maua, ilhali *Echeveria* hutoa shina la maua ubavuni na kuendelea kuishi.

Mimea mama ya aina zote, ukiacha *Echeveria*, ilikuwa imeishi miaka kadhaa ndani ya hori la mawe lililo chini ya upenu wa nyumba, bila kufunikwa hata siku moja. Tutarudi kwenye hori hilo.

Mwaka wa kwanza, hatua kwa hatua

Julai alikata vipande vya *Sedum* na kuvipanda kwenye trei. Vilishika mizizi bila shida na mwanzoni mwa Agosti vikahamia bustanini.

Septemba aliweka mara mbili mbolea yenye naitrojeni nyingi, akitaka mimea mama inenepe kabla ya kutengwa. Ilinenepa. Majani yakawa makubwa, laini, ya kijani kibichi, bila ile rangi ya zambarau au wekundu ambayo *Sempervivum* nyingi hupata siku zikipoa.

Tuta aliliandaa Oktoba. Alichimba shimo la sentimita 25 kwenda chini, akamwaga kokoto sentimita 10 chini kabisa, juu yake akarudisha ule mfinyanzi uliochanganywa na mboji nyingi na mchanga laini wa ujenzi. Uso wa tuta ulilingana na ardhi iliyolizunguka.

Wiki ya mwisho ya Oktoba alitenga na kupanda kwa siku mbili: vitoto 50 vya *Sempervivum* tutani, vipande 12 vya *heuffelii*, vipandikizi 18 vya *Delosperma*, mabapa 4 ya mpungate (vile vipande bapa vya shina lake), na zile *Echeveria* 8. Vitoto vingine 14 vya *Sempervivum* vilikosa nafasi. Badala ya kuvitupa alivisokomeza kwenye nyufa za ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji ulio pembeni, kila kimoja na udongo wa kujaza kijiko.

Katikati ya Novemba alitandaza nailoni angavu juu ya tuta, sentimita chache tu kutoka kwenye majani, akaibana kingo zote kwa mawe ili upepo usiingie. Ukutani hakufunika kitu. Chini ya nailoni aliweka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Siku moja ya jua mwezi Februari kilisoma nyuzi 26 mchana, na usiku wake nyuzi 9 chini ya sifuri. Usiku wa baridi kuliko yote nje ulifika nyuzi 14 chini ya sifuri.

Machi: nailoni inafunuliwa

Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone, na harufu ilikuwa ya kabichi iliyosahauliwa. Kwa juu mashada mengi bado yalikuwa na umbo lake, hata rangi. Yakishikwa yalitoka mkononi bila kuvutwa, na chini yake shingo ilikuwa uji wa kahawia. Baadhi ya majani ya pembeni yalikuwa na manyoya ya kijivu ya ukungu.

Hesabu yake: *Sempervivum* tutani 19 kati ya 50, *heuffelii* 4 kati ya 12, *Delosperma* 1 kati ya 18, *Echeveria* hakuna. *Sedum* za Julai karibu zote zilikuwa hai, na tayari zilikuwa zikichipua.

Ukutani, bila nailoni wala uangalizi wowote, 12 kati ya 14 walikuwa wazima, wadogo na wekundu, wameng'ang'ania jiwe.

Mabapa manne ya mpungate yalikuwa yamelala chini, yamekunjamana kama ngozi kavu. Moja alishalitupa kabla hajashauriwa kusubiri. Matatu yaliyobaki yalijaa maji yenyewe mwishoni mwa Aprili.

Kutafuta sababu kabla ya kupanda tena

Uamuzi wa kwanza, na pengine ulio bora katika kisa kizima, ulikuwa kutonunua wala kupanda chochote mpaka mizoga ichunguzwe. Kila mmea uliokufa ulipasuliwa kwa kisu kuanzia katikati ya shada kushuka hadi mzizini. Mkato huo unaonyesha mengi kwa anayejua kuusoma:

- Kahawia inayoanzia chini, shingoni, huku majani ya juu bado magumu: huo ni uozo, yaani maji yalikaa shingoni na kuvu wakaingia.
- Jani zima kuonekana kama kioo, lenye majimaji, na kulegea lote kwa pamoja mara baada ya barafu kuyeyuka: hiyo ni baridi yenyewe. *Echeveria* zote 8 zilikuwa hivi.
- Shada zima, shingo safi, lakini mizizi haipo, kana kwamba imekatwa kwa mkasi: chimba. Matatu ya namna hiyo yalikuwa na funza weupe wenye kichwa cha kahawia, wasio na miguu, waliojikunja kama ndoano. Hao ni watoto wa fukusi anayekula kingo za majani usiku.
- Kitoto kilicholala juu ya udongo kikiwa kikavu, na kikonyo chake kimesimama hewani: hakikuwahi kushika mizizi, na ardhi ilipoganda ikavimba ilikisukuma nje.

Katika mashada 31 ya *Sempervivum* yaliyokufa tutani, 19 yalikuwa ya aina ya kwanza, 9 ya mwisho, na 3 ya funza. Hakuna hata moja lililokufa kwa baridi peke yake. Kati ya *Delosperma*, nyingi zilikuwa zimeoza kiasi cha kutosomeka.

Kisha kikafanyika kipimo ambacho kingefanywa kabla ya kuchimba mara ya kwanza. Shimo la sentimita 30 lilijazwa maji, likaachwa likauke, likajazwa tena, na kina cha maji kikapimwa kwa rula kila saa. Udongo unaofaa hushusha sentimita 2.5 au zaidi kwa saa. Hapa rula haikusogea hata sentimita moja. Tuta la mwaka wa kwanza lilikuwa beseni lililochimbwa ndani ya mfinyanzi, likajazwa kokoto chini ili maji yapate pa kukaa.

Kuhusu hizo kokoto za chini, ni ushauri mkongwe na haufai. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda tabaka la mawe makubwa. Hushikiliwa na udongo ulio juu mpaka ulowe kabisa, ndipo tone la kwanza lidondoke. Kokoto zikiwa tabaka peke yake chini, sehemu inayotota huinuka na kusogea karibu na mizizi. Kokoto zichanganywe ndani ya udongo, au ziwekwe juu.

Maamuzi ya mwaka wa pili na sababu zake

*Tuta kupanda juu badala ya kushuka.* Halikuchimbwa. Ardhi ililegezwa kwa uma tu, na juu yake likajengwa tuta la mita 3 kwa 1, wastani wa kina sentimita 20, likiinama kidogo kuelekea njiani. Hiyo ni lita 600: kokoto za milimita 3 hadi 6 lita 300, udongo tifutifu lita 180, mboji iliyochekechwa lita 120. Mchanga laini wa ujenzi uliachwa kabisa, kwa sababu chembe zake huziba nafasi za hewa na mchanganyiko hushikana kama zege dhaifu. Mwenye bustani aliona mboji ni kidogo mno. Kwa nyanya angekuwa na haki. Hapa hata hiyo sehemu moja ya tano ya mboji ni ukarimu. *Sempervivum* ingetosheka na nusu yake, ila *Delosperma* hupenda kula kidogo wakati wa kiangazi.

Juu ya yote zilitandazwa kokoto za kina cha sentimita 2, zikaingizwa kwa vidole chini ya majani ya kila shada. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayofanya shingo ikae juu ya kitu kinachokauka ndani ya saa chache baada ya mvua.

*Kutenga mapema.* Kazi yote ya kuzidisha iliwekwa kati ya mwanzo wa Juni na katikati ya Agosti. Kitoto kinahitaji walau wiki sita hadi nane za udongo wenye joto kabla ardhi haijaganda. Wiki tatu za mwaka wa kwanza hazikutosha hata kukifunga kwenye udongo.

*Mbolea kusimama mwisho wa Julai.* Naitrojeni ya Septemba huuambia mmea uendelee kukua wakati unapaswa kujikaza.

*Paa badala ya nailoni ya kufungia.* Bamba moja la plastiki ngumu angavu, sentimita 120 kwa 80, liliwekwa juu ya vigingi vinne, sentimita 30 upande mmoja na 20 upande wa pili, pande zote zikiwa wazi. Lilikaa juu ya *Delosperma* na mipungate tu, kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Machi. *Sempervivum* na *Sedum* ziliachwa wazi.

*Akiba.* Theluthi ya *Delosperma* ilibaki kwenye vyungu vya sentimita 9 ndani ya kibanda chenye mwanga na hewa, kisicho na moto. Vyungu vilizikwa hadi shingoni ndani ya kreti ya mchanga mkavu, kwa sababu mizizi iliyo ndani ya chungu cha wazi huzungukwa na baridi pande zote na hupoa kuliko ile ya ardhini. Maji yalikuwa kikombe kidogo mara moja kwa mwezi, siku isiyo na jalidi.

*Fukusi.* Mwishoni mwa Septemba udongo ulimwagiliwa minyoo wadogo sana wa *Steinernema kraussei*, wanaowaingia funza na kuwaua. Hufanya kazi udongo ukiwa na nyuzi 5 au zaidi, kwa hiyo Novemba ungekuwa mchezo wa kubahatisha.

Vipandikizi vilichukuliwaje

Vyote vilitoka kwenye mimea mama ya hori.

Kwa *Sempervivum*, kitoto kilichukuliwa kikifikisha upana wa sentimita 2 na kikonyo kimeanza kukauka, maana wakati huo tayari kina vijizizi vyake. Kikonyo kilikatwa kwa mkasi na kuachwa mkia wa sentimita moja na nusu. Mkia huo ndio kigingi: unachomekwa kwenye kokoto, kitoto kinakaa sawa bila kuzikwa. Maji baada ya siku 2, kisha kila wiki kama mvua haikunyesha. Vitoto visivyofikisha kipimo viliachwa kwa mama. Hakuna faida ya kuviharakisha.

*Heuffelii* ina kazi zaidi. Mmea uling'olewa mzima, ukaoshwa mpaka mzizi mnene unaofanana na karoti uonekane. Kisu chenye makali membamba kilipanguswa kwa spiriti, kikashuka katikati ya mashada mawili hadi mzizini, ili kila kipande kiwe na shada lake na ubavu wake wa mzizi. Jeraha ni kubwa na jeupe, likitoa maji. Vipande vililala kivulini juu ya gazeti kwa siku 6, mpaka jeraha likawa na ganda kavu linalosikika ukiligonga kwa ukucha. Hapo ndipo vilipopandwa, na havikumwagiliwa kwa siku 5 nyingine. Anayepanda siku ileile anapanda mlango wazi wa kuvu.

*Delosperma*: vichwa vya sentimita 5 hadi 7 visivyo na ua wala kitumba, jozi mbili za majani ya chini zikitolewa, siku moja ya kukauka, kisha kwenye trei ya nusu kokoto nusu mboji. Mizizi ilionekana baada ya wiki tatu hivi. Mwishoni mwa Julai vilikuwa tutani.

Bapa la mpungate lilikatwa kwenye kiungo, mwezi Juni, kwa koleo na glavu nene. Miba mirefu si tatizo. Tatizo ni vimiba vidogo kama nywele vinavyoingia kwenye glavu na kukaa humo wiki nzima. Siku 12 za kukauka, theluthi ya bapa ikazikwa, bila maji kwa wiki ya kwanza.

*Sedum album* haina mambo. Vipande vilinyunyizwa juu ya kokoto kama mtu anayelisha kuku, vikakanyagwa kidogo.

Matokeo

Usiku wa baridi kuliko yote ulifika nyuzi 16 chini ya sifuri, nyuzi 2 zaidi ya mwaka uliotangulia. Mwisho wa Machi:

*Sempervivum* 36 kati ya 40. Mmoja tu alioza. Wengine 3 waling'olewa na ndege mwezi Agosti kabla hawajashika na walipandwa upya wakiwa wamechelewa. *Heuffelii* 7 kati ya 10. Mipungate yote 6, imelala na kukunjamana kama mwaka wa jana, safari hii bila kumtia mtu hofu. *Delosperma* za tutani 13 kati ya 20, na za kibandani 9 kati ya 10. Funza hawakuonekana.

Mwezi Juni, moja ya *Sempervivum* kubwa ilirefuka katikati kama mnara, ikachanua na kufa. Mwenye bustani alianza kuichimba akidhani uozo umerudi. Ni kawaida yake. Vitoto vinavyoizunguka hufunika pengo.

Uchambuzi: kilichoua na kilichookoa

Sakulenti inayostahimili baridi haizuii barafu isitokee ndani yake. Inachofanya ni kuiacha itokee pasipo na madhara, katika nafasi zilizo nje ya seli, huku seli zenyewe zikitoa maji, zikibaki na utomvu mzito wenye sukari. Maandalizi hayo huchukua wiki kadhaa za siku fupi na usiku wenye ubaridi unaoongezeka polepole. Mpungate huyaonyesha waziwazi: hutoa maji, hunywea, hulala. Kukunjamana kwake Januari ni dalili njema. Bapa lililojaa na kunyooka siku ya jalidi ndilo la kuhurumia.

Ukielewa hivyo, makosa ya mwaka wa kwanza yanashikana mikono. Mbolea ya Septemba ilijaza seli maji wakati zilitakiwa kuyatoa. Nailoni iliyofungwa ilitengeneza mchana wa nyuzi 26, joto la kuamsha mmea, kisha ikauachia usiku wa jalidi, kwa sababu nailoni nyembamba hukamata jua vizuri lakini haizuii joto lisitoke gizani. Kinga ya baridi haikuwapo. Kilichokuwapo ni jasho. Maji yaliyokuwa hewani yaligeuka matone, matone yakarudi shingoni, na beseni la mfinyanzi likatia yake kutoka chini.

Je, kipi kiliua zaidi? Mwaka wa pili hauwezi kujibu, kwa kuwa karibu kila kitu kilibadilishwa kwa wakati mmoja. Ushahidi bora ni ule ambao haukupangwa. Vitoto 14 vya ukutani vilitoka kwa mama walewale waliowekewa mbolea, vilitengwa siku zilezile za kuchelewa, na vilikutana na baridi kali kuliko vya tutani. Tofauti yao ni mbili: hawakuwa na nailoni na hawakuwa na maji ya kutuama. Kumi na wawili walipona. Kwa hiyo mbolea na kuchelewa, ingawa ni makosa, havikutosha kuua vikiwa peke yake. Kati ya nailoni na mfinyanzi, mkato wa kisu unaelekeza lawama kwa shingo, na shingo ililoweshwa na vyote viwili.

Na kuna lile hori chini ya upenu. Hori la mawe lililo juu ya ardhi hupoa kuliko tuta lolote, na bado mimea mama iliishi humo miaka kadhaa. Upenu uliizuia mvua ya majira ya baridi na kuacha hewa ipite. Paa la mwaka wa pili ni upenu mdogo tu uliohamishiwa bustanini. Mwenye bustani alikuwa akiupita ushahidi huo kila asubuhi akienda kukaza nailoni yake.

*Heuffelii* 3 zilizokufa mwaka wa pili zilikuwa na kosa la kisu. Zilikuwa vipande vidogo kuliko vyote, mashada yenye ganda jembamba la mzizi lisilofikia unene wa penseli. Kipande cha namna hiyo hutumia kiangazi chote kuponya jeraha na hukutana na jalidi kikiwa hakina akiba. Afadhali vipande 5 vyenye mzizi wa kutosha kuliko 10 vya kuhesabia.

Kuhusu *Echeveria*, hakuna tuta wala paa ambalo lingeziokoa kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri. Zilizopatikana baadaye huingizwa ndani usiku wa kwanza wa jalidi.

Paa lililodondoshea pabaya

*Delosperma* 7 zilizokufa tutani hazikutawanyika. Tano zilikuwa kwenye mstari mmoja, ukingo wa chini upande wa njia. Bamba lilikuwa na upana wa sentimita 80 na tuta lina 100, na liliinamia upande huohuo. Kila mvua ilikusanywa na bamba zima ikamwagwa juu ya mstari ule, na alama ya matone ilionekana wazi kwenye kokoto, ufito wa vishimo vya ukubwa wa dengu. Mimea ile ilipata maji mengi kuliko ambayo ingepata bila paa lolote.

Rekebisho lililofanywa Novemba ya tatu ni dogo. Bamba limebadilishwa kuwa la sentimita 130 kwa 120, ili upana ule wa 130 upite juu ya tuta na kuzidi ukingo kwa sentimita 15 kila upande. Mwinamo umegeuzwa uelekee nyuma, penye majani ya kawaida, na chini ya mdondoko umechimbwa mfereji wa kina cha sentimita 15 uliojazwa kokoto kubwa unaotoa maji nje ya bustani. Mstari wa ukingo wa njia umepandwa *Sedum album*.